Kabla ya kumcheka mwenye kitambi, jua njaa yake inatoka wapi

UKIWA na mwili mkubwa hapa Nairobi, kila mtu ni daktari wako. Makanga atakuambia ulipie viti viwili. Shangazi atakutazama kutoka juu hadi chini kwenye harusi, kisha aseme kwa sauti ati "siku hizi mambo ni mazuri." Mwenzako kazini atakunong'onezea jina la chai fulani ya kukata tumbo. Na mtandaoni ndiyo usiseme. Weka picha moja tu uone wataalamu wakimiminika: punguza kula, nenda mazoezi, acha uvivu.

Nyuma ya ushauri huo wote kuna imani moja: kwamba mtu mnene hana nidhamu, na kwamba angetaka kukonda angekonda. Mimi nasema imani hiyo ni uongo, tena uongo wenye madhara. Unawafanya vijana wenzetu wamwage pesa kwa matapeli, wakwepe hospitali na wajichukie kwenye kioo. Na baada ya hayo yote, uzani uko palepale.

Hebu tuongee basi, mimi na wewe, kuhusu jambo ambalo wanaocheka hawalijui. Njaa haianzi mdomoni wala haianzi kwenye sahani. Njaa huanzia kichwani.

Chini kabisa katikati ya ubongo wako kuna sehemu ndogo, kama punje ya njugu hivi, inayoitwa hipothalamasi. Hiyo ndiyo inayosimamia joto la mwili, kiu, usingizi na njaa. Upande wa chakula inafanya kazi kama mhasibu mkali. Usiku na mchana inahesabu kilichoingia, kilichotumika na kilicho kwenye akiba. Na haikuulizi maoni yako. Jinsi huamui moyo wako upige mara ngapi kwa dakika, ndivyo huamui njaa ikubane saa ngapi.

Mhasibu huyu hupata ripoti zake kupitia homoni, yaani kemikali ambazo viungo vya mwili huachilia kwenye damu ili kupeleka ujumbe kwingine. Tumbo likikaa tupu hutoa homoni inayoitwa grelini, iliyogunduliwa na wanasayansi wa Japani mwaka wa 1999. Ujumbe wake ni mfupi: leta chakula. Ukishakula, utumbo nao hutoa homoni za shibe. Mojawapo ni GLP-1, kumbuka jina hilo maana tutalirudia.

Habari za shibe huchukua kama dakika 20 hivi kufika vizuri kichwani. Ndiyo maana anayekula mbio mbio humaliza sahani ya pili kabla ubongo haujapata taarifa za ile ya kwanza.

Homoni ya kushangaza zaidi katika hadithi hii inatoka kwenye mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi watu walidhani mafuta ya mwilini ni gunia tu la akiba, limekaa pale halina kazi nyingine. Mwaka wa 1994, Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, jijini New York, waligundua jeni inayotengeneza homoni waliyoipa jina leptini. Inatoka kwenye seli za mafuta na kuuambia ubongo kiasi cha akiba iliyopo. Akiba ikiwa tele, leptini huwa juu na ubongo unatulia. Akiba ikipungua, leptini hushuka na ubongo unapiga king'ora.

Sasa, nini hutokea mtu akizaliwa bila leptini kabisa?

Jibu lilipatikana Uingereza mwaka wa 1997. Madaktari wa Cambridge walielezea watoto wawili, binamu, kutoka familia yenye asili ya Pakistan. Msichana alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mvulana alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Watoto hao walikuwa na njaa isiyoisha, wakila na kudai tena. Fikiria maneno ambayo wazazi wao walikuwa wakiambiwa na majirani.

Vipimo vilionyesha kwamba jeni yao ya leptini ilikuwa na hitilafu, kwa hivyo miili yao haikuitengeneza. Ubongo wao ulikuwa ukiamini kwamba wanakufa njaa. Msichana alipoanza kudungwa leptini, hamu yake ya chakula ilishuka, na kufikia mwaka mmoja alikuwa amepungua zaidi ya kilo 16. Hakuna aliyemhubiria nidhamu, na hakuna aliyemcheka hadi akakonda. Alipewa homoni iliyokuwa imekosekana, basi.

Usikimbie dukani kuulizia leptini, ngoja kwanza. Hali ya watoto wale ni adimu mno. Watu wengi wanene wana leptini nyingi, tena nyingi kuliko wembamba. Shida ni kwamba ubongo umeacha kuisikia. Ni kama mtu aliyehamia nyumba iliyo kando ya steji ya matatu. Wiki ya kwanza honi zinamkosesha usingizi. Baada ya mwaka honi ni zile zile, lakini yeye hazisikii. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na akiba ya miezi kadhaa kiunoni, huku ubongo wake ukimwambia bado hajala vya kutosha.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo ilihusu maskini na tajiri, lakini hapa pia inaingia. Mtu ambaye ubongo wake unamwambia "inatosha" baada ya chapati mbili hawezi kujua maisha ya yule ambaye ubongo wake unanyamaza hata baada ya nne. Halafu huyo wa mbili anajisifu kwamba ana nidhamu!

Najua utaniuliza: kwani si kuna watu hujinyima wakapungua? Wapo, na wengi. Swali gumu ni kinachofuata baadaye.

Nchini Australia, watafiti waliwachukua watu 50 wenye uzani uliozidi na kuwaweka kwenye lishe ya kalori chache sana kwa wiki 10. Wakapungua wastani wa kilo 13.5. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2011. Mwaka mmoja baada ya lishe hiyo kuisha, grelini, ile homoni ya njaa, ilikuwa bado iko juu kuliko kabla hawajaanza. Leptini bado ilikuwa chini. Wenyewe walisema wanahisi njaa zaidi kuliko mwanzo. Mwaka mzima umepita na mwili bado unadai deni lake!

Kuna pia wale washindani wa kipindi cha runinga cha Marekani kinachoitwa The Biggest Loser, ambapo watu walipunguza makumi ya kilo mbele ya kamera. Watafiti waliwafuatilia 14 kati yao. Miaka sita baadaye, 13 walikuwa wamerudisha uzani. Kibaya zaidi, miili yao ilikuwa ikichoma kalori kama 500 pungufu kila siku kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa ukubwa wao. Yaani mtu akikaa tu, mwili wake unabana matumizi kana kwamba nchi ina ukame.

Na kwa mwili, hivyo ndivyo ilivyo. Kwa maelfu ya miaka binadamu aliuawa na njaa, hakuuawa na chipo. Waliopona ni wale ambao miili yao ilishikilia mafuta kwa nguvu. Wewe na mimi ni wajukuu wa hao. Mwili haujui kwamba unajinyima ili uvae nguo fulani Desemba. Unajua tu kwamba akiba inapungua, na unapigana.

Hapo hatujataja dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha. Umeshiba kabisa, unapita mtaani jioni, harufu ya chipo inakupata kwenye kona na miguu inapunguza mwendo yenyewe. Hiyo si njaa. Ubongo umekumbuka mafuta, chumvi na raha vilivyokuja pamoja mara ya mwisho, na unataka tena. Wanaotengeneza vitafunio wanalijua jambo hilo vizuri kuliko wewe. Smocha ya mwenye kibanda inakutega kwa bahati. Pakiti ya krispi imetegwa kwa hesabu.

Wapo watakaosema: basi mbona mababu zetu hawakuwa na vitambi hivi? Ubongo ni ule ule, homoni ni zile zile.

Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo linalonisukuma kuandika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2008-09 ulionyesha kuwa takriban robo ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi. Ule wa 2014 ulikuta ni theluthi moja, na wa mijini walikuwa wengi kuliko wa vijijini. Jeni za Wakenya haziwezi kubadilika ndani ya miaka kama mitano. Na sidhani wanawake theluthi moja walikubaliana kuwa wavivu kwa mpigo. Kilichobadilika ni kile kinachouzunguka ubongo: chakula, usingizi, kazi na mwendo wa mji.

Chukua chakula. Mwaka wa 2019, Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliokaa kwenye kituo cha utafiti kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyotengenezwa viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa. Milo ilipangwa iwe na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi sawa, na kila mtu aliambiwa ale anavyotaka. Kwenye vile vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, na wakaongeza karibu kilo moja ndani ya siku 14. Walipobadilishiwa, wakapungua kiasi hicho hicho. Watu walikuwa ni wale wale, na nidhamu yao ni ile ile. Sahani tu ndiyo iliyobadilika.

Chukua usingizi. Jijini Chicago, watafiti waliwalaza vijana 12 wa kiume wenye afya saa nne tu kwa usiku mbili, kisha wakalinganisha na usiku mbili za kulala hadi saa 10. Usingizi ulipopunguzwa, leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu ya vyakula vitamu na vya wanga ikaongezeka. Usiku mbili tu, msee! Sasa mwangalie kijana anayetoka Kitengela saa kumi na moja alfajiri ili apate matatu, anarudi kejani saa tatu usiku, kisha anakaa kwenye simu hadi saa saba. Anafanya hivyo Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka baada ya mwaka. Tukimwona ananunua mandazi mbili na soda asubuhi tunasema hajipendi. Kumbe homoni zake zimekuwa zikipiga kelele tangu alfajiri.

Ongeza mawazo ya kodi na kazi isiyo na uhakika. Mwili ukiwa kwenye presha kwa muda mrefu huachilia homoni ya kotisoli, ambayo huweza kuchochea hamu ya vyakula vya sukari na mafuta, na kuyasukuma mafuta yarundikane tumboni. Halafu tunamcheka mtu kwa tumbo lake, na ile aibu nayo inamwongezea mawazo. Ndiyo maana nasema kejeli haiponyi kitu, inazidisha tu.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kwamba mtu ajiachilie, ati homoni ndizo zinazokula. Unene kupita kiasi unaleta kisukari, presha, maradhi ya moyo na aina kadhaa za saratani, na kuuremba kwa maneno matamu hakumsaidii mtu. Ninachosema ni kwamba ukijua adui alipo, utaacha kupigana na kivuli.

Kama ni mimi nakushauri, anza na usingizi kabla ya kuanza na jimu. Ukipata saa saba au zaidi, utakuwa umeishughulikia njaa ya kesho kabla haijafika. Pili, chunguza unachokunywa. Soda ya nusu lita inaweza kubeba gramu 50 hivi za sukari, kama vijiko 12 vya chai, na kalori za kunywa hazishibishi kama za kutafuna. Tatu, usijitese kwa kukaa njaa. Kula vyakula ambavyo homoni za shibe zinavitambua: maharagwe, ndengu, githeri, mayai, omena, sukuma na matunda mazima. Hivi si vya kigeni wala vya matajiri, na mama mboga anavyo. Kula polepole pia, uipe ile taarifa ya shibe muda wa kusafiri.

Mazoezi fanya, lakini usiyapime kwa mizani peke yake. Kutembea, kukimbia na kubeba vyuma vinasaidia moyo, sukari ya damu na akili hata kama uzani haujasonga hata kilo moja. Wengi huacha mwezi wa pili kwa sababu mizani imekataa, na huko ni kutupa faida waliyokwisha kuipata.

Na tafadhali, nenda hospitali. Dada ambaye hedhi yake inarukaruka, nywele zinaota kidevuni na uzani unapanda bila kueleweka, anaweza kuwa na hali ambayo madaktari huiita PCOS, inayovuruga homoni za ovari na mara nyingi insulini pia. Mwingine tezi ya shingoni imelegea. Mwingine anatumia dawa fulani ambazo kunenepesha ni mojawapo ya athari zake. Hayo hupimwa, na chai ya kukata tumbo haiyapimi.

Tukija kwa zile sindano zinazozungumziwa kila mahali, za semaglutide, zenyewe ndizo ushahidi mkubwa wa hoja yangu. Dawa hiyo inaiga GLP-1, ile homoni ya shibe niliyokuambia ukumbuke. Watu waliohangaika na njaa miaka yote hudungwa na njaa inanyamaza. Tabia yao haikubadilika ghafla, ila ujumbe wa shibe sasa unafika. Na wengi wakiacha dawa, sehemu kubwa ya uzani hurudi, kama vile presha inavyorudi mgonjwa akiacha tembe zake.

Lakini hiyo ni dawa ya daktari, haifai kuwa ya kununuliwa kwa mtu usiyemjua mtandaoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutide bandia iliyokuwa imepatikana katika nchi kadhaa. Mtu anayekuuzia sindano kupitia ujumbe wa simu, bila kukuuliza hata kama una kisukari, hajali kama utaamka kesho.

Wakubwa nao wasijifiche nyuma ya lawama zetu. Kama njaa inaamuliwa na ubongo, na ubongo unaitikia mazingira, basi wanaopanga mazingira wana sehemu yao ya deni. Chile imeweka alama nyeusi kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi tangu 2016, ili mnunuzi aone kwa kutupa jicho. Sisi tunasoma maandishi madogo kama sisimizi nyuma ya pakiti. Kaunti zitupe njia za kutembea kwa miguu ambazo hazijavamiwa na pikipiki. Vyuo viangalie kama kantini inauza tunda lolote, au ni soda na vitu vya kukaangwa tu. Mwajiri anayempangia mtu zamu za usiku mwezi mzima ajue kwamba anachezea homoni za mtu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka wa 2022 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa akiishi na unene uliopita kiasi. Ugonjwa unaokumba idadi hiyo hauwezi kuelezwa kwa neno moja, "uvivu." Tulishawahi kuwaita wagonjwa wa kifafa watu wenye mapepo, mpaka tukajifunza kwamba ni umeme wa ubongo. Hatukupoteza kitu tulipoacha kuwacheka. Wao ndio waliopata nafasi ya kutibiwa.

Kwa hivyo kama wewe ni mwembamba, shukuru homoni zako na unyamaze kidogo. Na kama wewe ndiye unayechekwa, sikiliza: mwili wako haujakusaliti, unafanya kazi ya zamani katika mji mpya. Lala, kula vitu vya maana, pima afya, uliza maswali hadi daktari akujibu. Pesa ya ile chai nunulia ndengu.